Kibati cha Fundi Pampu

Nilikwenda kuchukua ubao, basi. Sikwenda kutafuta makubwa. Jua lilikuwa linakaribia kuzama, nina ufunguo mkononi na gunia begani, na nilikuwa nimenuna kwa sababu magoti yalikuwa yananiuma na kile kilima hakijawahi kumhurumia mtu.

Aliyenituma ni yule binti wa chuo anayeandika historia ya mgodi wetu wa makaa ya mawe. Binti ana adabu zake, siwezi kumsingizia, lakini kwa maswali hajambo. Kesho yake kulikuwa na sherehe. Ofisi ya zamani ya mgodi imepakwa rangi, imegeuzwa chumba cha kumbukumbu, na kitabu chake kingesomwa mbele ya watu wote kabla ya kupelekwa kiwandani kuchapwa.

"Mama Taa," akaniambia, "nakuomba ule ubao wa vibati. Bila ubao watu hawataelewa mlivyokuwa mnafanya kazi."

Mama Taa ndiyo mimi. Wachimbaji walinipa jina hilo kwa sababu nilikaa miaka kumi na sita nyuma ya dirisha la chumba cha taa, nikigawa taa asubuhi na kuzipokea jioni. Kila mchimbaji alikuwa na kibati chake cha shaba kilichogongwa namba. Akiingia zamu ananipa kibati, nampa taa yenye namba ile ile, na kibati nakitundika upande wa kushoto wa ubao, palipoandikwa CHINI. Akitoka ananirudishia taa, nami nahamishia kibati kulia, palipoandikwa JUU. Ukitaka kujua nani yuko ndani ya ardhi, huna haja ya kuita majina. Unatazama ubao. Ubao ukisema uko chini, watu hawalali mpaka wakutoe. Ukisema uko juu, hakuna atakayekutafuta.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana nimelibeba peke yangu vya kutosha.

Mume wa mdogo wangu alikuwa fundi wa pampu kule ngazi ya mwisho kabisa, ambako maji hayakauki. Kibati chake kilikuwa namba arobaini na moja. Alikuwa mrefu, mtani, hawezi kupita mbele yako bila kukuchokoza. Kazi yake ilimlazimu kubaki nyuma ya wenzake nusu saa nzima, ahakikishe pampu zinavuta vizuri kabla hajapanda. Na msimamizi wetu alikuwa na ugonjwa wake. King'ora cha saa kumi na mbili kikilia, alitaka vibati vyote viwe upande wa JUU. Kikibaki kimoja tu, atakufokea mbele za watu mpaka utamani ardhi ipasuke.

Basi tukapatana, mimi na shemeji.

"Wewe nihamishe tu, ukapumzike zako," aliniambia. "Dirisha usilifunge kwa komeo. Taa nitaipitisha, asubuhi utaikuta mezani. Au unaogopa nitaiba meza?"

Miaka minne tukafanya hivyo. King'ora kikilia, namhamisha juu, naenda zangu nyumbani. Asubuhi naikuta taa mezani, imefutwa vizuri, wakati mwingine ameichorea uso wa mtu kwa vumbi la makaa ili nicheke.

Siku ya moto nilimhamisha kama kawaida.

Nilikuwa nafunga mlango nilipouona moshi. Msimamizi akaja mbio, kofia mkononi. "Kuna mtu chini?" Nikageuka nikatazama ubao. Vibati vyote kulia. "Wote juu," nikasema. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Moto wa makaa hauzimwi kwa maji, unanyimwa hewa mpaka ufe wenyewe. Wakaziba mdomo wa shimo kwa mabati, mawe na udongo, na mimi nikawa nawapelekea maji ya kunywa waliokuwa wanaziba.

Nilikumbuka nikiwa nimefika nyumbani, nakoroga chungu. Mwiko uliniponyoka.

Nikakimbia kwa msimamizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akanisogelea sikioni. "Amekwisha huyo. Hewa yote imeliwa. Sasa ukifungua mdomo, muuaji nani? Mimi niliuliza. Wewe ndiye uliyejibu."

Nikanyamaza.

Asubuhi yake habari zikatoka ofisini zimeshapikwa zikaiva. Fundi pampu alitoka salama, ubao unashuhudia. Haonekani kwa sababu ndiye aliyeacha mashine ikawaka, akatoroka na mwanamke. Mwanamke gani? Ebo, nani aliuliza! Mdogo wangu akatolewa kwenye nyumba ya mgodi na mimba ya miezi sita. Mimba haikufika. Miaka thelathini na moja sasa wanamwita mke wa mtoro, na wengine, wakiona anaishi peke yake na hasemi na watu, wanamwita mchawi. Na mimi dada yake nilikuwa naenda kumliwaza. "Msahau," namwambia. "Mwanaume mwenyewe hana maana." Hilo nalo nilisema. Msimamizi alifia kitandani kwake, mnene, wanawe wamemzunguka.

Wiki moja kabla ya sherehe yule binti wa chuo aliweka mashine yake ya kurekodi mezani kwangu. "Mama, kwenye ule moto kuna mtu alikufa?"

"Hakuna," nikasema. "Wote walitoka. Fundi mmoja tu ndiye aliyetoroka."

Akaandika. Kesho maneno hayo yangesomwa mdogo wangu akiwa amekaa pale pale mbele, kisha yachapwe, yabaki hata sisi wote tukishaoza. Hilo ndilo nililokuwa napanda nalo kile kilima jioni ile, na usiniulize kama nilikuwa na nia ya kulirekebisha. Sikuwa nayo.

Chumba cha taa kiko hatua kama thelathini kutoka mdomo wa shimo la zamani, lile lililozibwa. Kufuli iligoma, nikaitukana, ikakubali. Ndani mlikuwa na vumbi, rafu tupu, meza yangu na kiti changu kimevunjika mguu. Dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao kwa nje, umebaki upenyo wa kupitisha mkono. Ubao ulikuwa ukutani pale pale. Vibati vimekuwa vyeusi, vingine vimeota ukungu wa kijani.

Isipokuwa kimoja.

Arobaini na moja kilikuwa kinang'aa. Kimeshikwashikwa. Kama kitasa cha mlango unaotumika kila siku.

Nikajiambia ni mwanga wa jua. Nikaweka gunia chini, nikaanza kulegeza msumari wa kwanza wa ubao. Hapo nikasikia harufu. Moshi... makaa mabichi... na maji yaliyolala siku nyingi. Mgodi umefungwa zaidi ya miaka ishirini, tangu makaa yaishe kwenye shimo jipya la ng'ambo ya kilima. Harufu ile haikuwa na pa kutokea.

Kisha viatu. Viatu vizito, vimejaa maji. Vinapanda. Chwa... chwa... chwa...

Vikasimama dirishani.

Kikohozi kikafuata. Nakijua kikohozi cha mchimbaji, nimekisikia miaka kumi na sita, kinaanzia tumboni kinapanda kama mtu anayeburuta gunia. Kila mmoja alikuwa na chake. Hiki nilikuwa nakijua ni cha nani.

Ngo. Ngo.

"Shemeji," sauti ikanong'ona. "Bado hujafunga?"

Nilibaki nimeushikilia ubao kwa mikono miwili na mgongo wangu umelielekea dirisha, na naapa sikugeuka.

"Nimeleta taa. Kila jioni naleta taa. Dirisha wamelipigilia mbao."

"Shemeji..." nikasema. Hata mimi sikuijua sauti yangu. "Shemeji, wewe umekufa."

Akacheka. Kile kicheko chake, Mungu wangu, kile kile cha kunichokoza, halafu kikaishia kwenye kikohozi.

"Nani kasema? Soma ubao. Ubao unasema niko juu."

Machozi yakanitoka bila taarifa. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia nilichanganyikiwa, moshi ulikuwa mwingi, msimamizi alikuwa ananipigia kelele. Nilijitetea mbele ya maiti kama mtu aliyechelewa kazini. Yeye akaniacha nimalize. Maji yalikuwa yanamdondoka, nasikia tone moja moja likianguka kwenye ukuta wa nje.

"Wenzetu wakifukiwa," akanong'ona, "watu wanakuja na majembe. Unawasikia kwa juu. Unagonga, wanakujibu. Mimi nilikuwa nagonga... nikasubiri... nikagonga... Nikasema watakuja, Mama Taa anajua nilipo."

"Unataka nini, shemeji?"

Tone. Tone.

"Nirudishe chini."

Sikumwelewa. Nikageuka. Jamani, nikageuka.

Mkono ulikuwa umepita kwenye upenyo wa mbao. Mrefu, mweusi, umelowa, unaelekeza kidole kwenye ubao. Kidole hakikuwa na kucha. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na kucha. Vilikuwa vimesagika kwenye ncha, kama vya mtu aliyekuwa anakwangua jiwe kwa muda mrefu sana.

"Nikiwa juu hakuna anayenitafuta. Sipati kutoka, sipati kulala. Nirudishe chini, shemeji. Nihesabiwe."

Nilinyoosha mkono. Kibati kilikuwa cha moto, moto wa kitu kilichotoka kiganjani mwa mtu. Kipande kidogo cha shaba, hakizidi kifungo cha koti, lakini kukitoa pale msumarini nilitumia mikono yote miwili. Nikakivusha. Nikakitundika kushoto, palipoandikwa CHINI. Kikalia kama vibati vilivyokuwa vinalia zamani, mlio mdogo tu.

Nje akashusha pumzi ndefu.

"Nipe basi taa," nikasema. Ndiyo desturi ya kazi, mdomo ulijisemea wenyewe.

"Hapana," akanijibu, na kwa mara ya kwanza sauti ilikuwa ya mtu anayeogopa. "Taa nabaki nayo. Huko kuna giza."

Mkono ukarudi nje. Viatu vikageuka. Nikachungulia pale penye upenyo, na nilichoona ni mwanga tu, mdogo, wa njano, unaelekea mdomo wa shimo lililozibwa. Ulifika kwenye udongo ule. Haukusimama. Ukazama taratibu, ukawa usawa wa kiuno, ukawa usawa wa magoti, mpaka chini kabisa.

Gunia nililiacha pale pale. Ubao niliuacha. Magoti yangu yale yale yaliyokuwa yananiuma yalishuka kilima kama ya binti wa miaka kumi na minane, na hayakusimama mpaka nyumbani kwa mdogo wangu.

Nilimkuta kwenye cherehani, anashona shati la mtu. Anashonea watu wale wale wanaomwita mchawi. Akaniona nilivyo, akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Dada, una nini?"

Nikamwambia yote. Nilianzia kwenye mapatano yetu ya kibati, nikaja kwenye moto, nikaja kwa msimamizi, nikaishia dirishani. Sikukalia kiti. Nilisema nimesimama, kama niko mahakamani. Nilitegemea anirukie, anipige, anivue nguo. Ningeshukuru.

Hakunirukia. Alikata uzi kwa meno, akalikunja lile shati vizuri, akaliweka pembeni.

"Saa kumi na mbili na nusu," akasema. "Kila jioni."

"Nini?"

"Anabisha hodi. Mara mbili. 'Mke wangu, fungua, nimetoka kazini.' Tangu ile wiki ya moto, dada. Nimehama nyumba tatu, kote ananifuata." Alikuwa hanitazami, anautazama mlango. "Na mimi sifungui. Mlisema ametoroka na mwanamke. Nikajua amechokwa huko, ndiyo anarudi kwangu. Mwanzo nilikuwa nalia. Baadaye nikazoea, nikawa namtukana. 'Rudi kwa huyo malaya wako!' Miaka thelathini na moja, dada, nimemfukuza mume wangu mlangoni kila jioni. Majirani wanasikia nagombana na mlango, ndipo wakaanza kusema nafuga majini."

"Na leo?" nikauliza.

"Leo hakuja." Akainua macho kuitazama saa ya ukutani. "Nilipoona kimya, nikasema afadhali, amechoka. Nilifurahi."

Hapo ndipo alipopiga yowe. Sitalieleza lile yowe. Nilimkumbatia, akanisukuma, nikagonga cherehani, likaanguka lote.

Kesho yake kwenye sherehe nilisimama mbele ya watu nikasema. Msidhani ni ushujaa, hapakuwa na kitu kilichobaki cha kuogopa. Binti wa chuo alilia, akafuta ukurasa wake kwa kalamu pale pale, na kitabu sasa kinasema ukweli, hilo namshukuru. Wakubwa walitazama viatu vyao. Mmoja akanifuata pembeni, akaniambia kwa upole kwamba shimo lile ni hatari, udongo umeshikamana, na baada ya muda wote huo haina maana kumfukua mtu. Watamwekea jiwe la kumbukumbu, zuri, lenye maandishi. Nikamuuliza kama anajua kusoma ubao. Hakunielewa. Ubao wameuleta wenyewe, uko nyuma ya kioo. Vibati vyote kulia, kimoja kushoto.

Mdogo wangu hakungoja jiwe. Jioni ile ile alibeba jembe, akapanda kilima, akaanza kuchimba mdomo wa shimo peke yake. Mwanamke wa miaka karibu sitini, mwenye mikono ya sindano. Watu walipita wakatikisa vichwa. Wengine walisema sasa mchawi amejionyesha. Anachimba kila siku, anaanza saa kumi na mbili na nusu, anaishia mikono ikigoma.

Nami nilikwenda na jembe langu. Hajanigombeza tangu siku ile, na kweli ningependa anigombeze. Nilipoinua jembe tu, akanishika mkono.

"Wewe kaa pale," akasema. "Kazi yako ni kuhesabu."

Sikujua nihesabu nini. Nikakaa juu ya jiwe. Yeye akapiga jembe mara mbili, tatu, akatulia, akalaza sikio kwenye udongo. Mimi pia nikalaza.

Kwa mbali sana, chini...

Ngo. Ngo. Ngo.

Mdogo wangu hasikii vizuri, cherehani limemharibu masikio. Ndiyo maana ananihitaji. Kila akipumzika ananiuliza zimekuwa ngapi, namwambia, anatabasamu, anarudi kuchimba kwa nguvu mpya. Siku ya kwanza zilikuwa kumi na moja. Siku ya tatu zikawa nane. Hajafika hata kifuani kwa kina, na shimo lile, mimi niliyefanya kazi pale najua, linashuka muda wa nusu saa nzima kwa miguu.

Jana zilikuwa nne. Leo nimelaza sikio mpaka udongo umenijaa mdomoni. Nimesikia moja. Nimesubiri. Nimesikia nyingine, dhaifu, kisha kimya kirefu.

"Ngapi?" akaniuliza bila kugeuka, ameshaliinua jembe.

"Kumi na moja," nikamwambia.